Flashi Mfukoni, Siri za Watu Mkononi

Wako wanaobeba ndani ya flashi kompyuta pepe, yaani mfumo mzima unaoendeshwa juu ya mfumo wa kompyuta ya kuazima, wakidhani siri walizoaminiwa zi salama. Sivyo. Kompyuta pepe ni mgeni. Mwenyeji ndiye apokeaye kwanza kila herufi ichapwayo, na programu ya upelelezi iliyojificha kwake huisoma. Afadhali mfumo kama Tails, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2009: flashi ya GB 8 huiwasha kompyuta pasipo kuugusa mfumo wa mwenyeji, nayo ikizimwa kazi hufutika. Yanayohifadhiwa yafungwe kwa nywila. Flashi ikipotea wazi, ataumia mjane aliyetueleza jinsi alivyonyang'anywa shamba, wala si sisi.