VIJANA WA KARAKANA WASIFUKUZWE



Katika mkutano mkuu ujao italetwa hoja ya kuwatoa karakanani vijana wanne wanaojifunza useremala, eti kwa kuwa miezi sita imepita na hakuna hata mmoja aliyetoa stuli ya kuuzika. Sisi wa gazeti hili la ukutani tunaipinga hoja hiyo. Kasoro haiko kwa vijana. Iko katika namna wanavyofundishwa.

Jamani, hebu tutazame. Fundi yeyote anajua kwamba mvule hupigwa randa kwa uangalifu, maana nyuzi zake hupishana. Ukisukuma ovyo, uso wa ubao unang'oka vipande vipande. Lakini fundi hasemi mvule ni mti mbaya. Ananoa randa, anapunguza ulimi wake, anakwenda taratibu. Iweje basi aijue tabia ya kila mti, halafu asitake kuijua tabia ya kijana aliye mbele yake?

Vijana wale ni wanne, na tabia zao ni nne.

Wa kwanza ana haraka. Akishika msumeno anakata kabla hajapiga mstari kwa skwea. Huyu hafai kupewa ubao wa mninga siku ya kwanza! Apewe kazi ya kunyoosha mbao kwa randa. Akienda kinyume cha nyuzi, ubao wenyewe utamkemea, na atausikiliza kuliko anavyotusikiliza sisi.

Wa pili ni mwoga. Anapima mara tano na hakati. Watu wanamwita mvivu. Siyo mvivu, anaogopa kuharibu mali ya ushirika. Apewe mabaki ya mbao akate mpaka mkono uzoee.

Wa tatu ni mbishi. Ukimwambia mbao mbichi hunywea upande wa upana, lakini kwa urefu karibu hazibadiliki, anataka ushahidi. Vema! Apime kipande kibichi, aandike kwa penseli, akipime tena kikishakauka. Hatasahau maisha yake yote.

Wa nne ni binti mkimya. Haulizi kitu, basi fundi anadhani ameelewa yote. Huyu asiulizwe kwa maneno. Aambiwe, "Hebu nionyeshe," na mikono yake itajibu.

Wapo wanaosema samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo vijana wakemewe mpaka wanyooke. Ndugu zetu, kukunja siyo kuvunja. Kijana anayetukanwa mikono inamtetemeka, na patasi haina mchezo: mikono yote miwili lazima ikae nyuma ya makali. Je, tunataka mafundi, au tunataka vidole vilivyokatika?

Wengine wanasema mbao ni ghali, na ushirika siyo shule. Ni kweli mbao ni ghali. Ndiyo maana tunasema mwenye haraka asianze na ubao mzuri. Na kama tukiwafukuza hawa wanne, mbao walizoharibu zitarudi? Tutaleta wengine, nao wataanza kuharibu upya. Hasara mara mbili!

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu inayochuja watoto, wachache wakapanda na wengi wakaachwa wajione wameshindwa. Leo sisi wenyewe tunataka kutundika chujio lilelile mlangoni mwa karakana yetu?

Tunapendekeza hivi:

1. Karakana iweke sanduku la mabaki ya mbao kwa ajili ya mazoezi tu.

2. Kijana apimwe hatua kwa hatua: kunyoosha ubao, kukata kwa skwea, kuchonga ulimi ukaingia katika tundu bila kulegea. Stuli ije mwisho.

3. Mwenye haraka afanye kazi pamoja na mwoga. Mmoja atasukuma, mwingine atazuia.

4. Matusi yakome karakanani.

Wanachama wote mje mkutanoni, na wazazi wa vijana hao msione haya kusema. Madawati ya shule yetu yanavunjika kila mwaka, na milango ya nyumba zetu inahitaji mafundi. Tukiwafukuza leo, kesho tutamlipa fundi wa mjini kwa kazi ambayo watoto wetu wangeweza kuifanya.

Vidole havilingani, lakini vyote hushika nyundo.