Deni la Kiliba Ligeuzwe Hisa

Asubuhi boti za mbao zinapofunga kamba bandarini Kalundu, mjini Uvira katika Kongo ya mashariki, na wabeba mizigo wakaanza kugombea zamu huku maji yakiwafika magotini, aghalabu huteremshwa, pamoja na saruji na unga, magunia ya sukari ya kilo 50 yaliyopigwa chapa za nchi za watu. Mama muuzaji huinunua sukari hiyo kwa gunia, akaipima kwa kikombe na kuitia katika vifuko vya nailoni, kila kifuko fundo moja, na bei yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya hali ya ziwa, ya forodha na ya thamani ya dola ya Marekani. Si ajabu biashara hiyo, maana watu wa Ziwa Tanganyika wamebadilishana bidhaa kwa njia ya maji tangu zamani za mababu. La ajabu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba kaskazini ya bandari hiyo, mwendo mfupi wa gari katika uwanda wa Ruzizi, pana Kiliba na sukreri yake, yaani kiwanda cha sukari, ambayo vita vya mwaka 1996 viliinyamazisha, na ahadi zote zilizofuata hazijairudisha katika kazi yake.

Kiliba tunayoijua ilizaliwa na kiwanda. Wabelgiji walikijenga katika miaka ya 1950, na mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa sababu muwa ni mmea usiokubali kungojwa: ukishakatwa huanza kupoteza utamu wake saa baada ya saa, na ukilala juani siku mbili tatu, mwenye kiwanda hula hasara isiyoweza kufidiwa. Kwa hiyo ilibidi shamba, kinu na mkata miwa wakae mahali pamoja. Na mkata miwa, akiwa ni mtu mwenye ahali, alihitaji nyumba, zahanati na shule, na kanisa au msikiti wa kumwabudia Mola wake. Wakaja Wafuliru na Wavira wa jirani, wakaja Wabembe kutoka kusini, wakaja na Warundi waliovuka Ruzizi, wakapewa nyumba za kampi na saa za kuamka, na baada ya kizazi kimoja wakawa na watoto wasiojua kwao kwingine ila kwenye kampi.

Watu wasioufahamu ufundi wa kiwanda hicho hudhani kwamba sukari hutengenezwa na mashine, ilhali mashine husaga tu. Maji ya muwa yakishakamuliwa hutiwa chokaa na kuchemshwa ili taka zijitenge, kisha hupunguzwa kwa moto hata yakawa mazito kama asali, na moto wenyewe hutokana na makapi ya miwa ile ile, almuradi kiwanda hujilisha kwa mabaki yake. Walakini inapofika saa ya sukari kujifanya chembe, hapo hutegemewa mpishi. Yeye huchota kidogo katika uji ule, akauweka kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akauvuta taratibu akitazama uzi unaofanyika unafika wapi kabla ya kukatika, halafu huupaka juu ya kipande cha kioo na kukiinua kwenye mwanga apate kuona kama chembe zimelingana. Akiwahi kidogo, sukari itakuwa vumbi. Akichelewa, itagandamana chunguni. Ujuzi wa namna hii haumo katika ramani za kiwanda wala hauuzwi pamoja na boila, na wale walioupata Kiliba leo ni wazee.

Wala sukari haikuwa ya kwanza kuleta chuma na moshi katika ufuko wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 palikuwa na reli iliyoanzia hapa Kalundu, ikafuata uwanda hadi Kamanyola, kwa madhumuni ya kuifikia Bukavu. Haikuifikia kamwe, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikang'olewa, malori yakachukua kazi yake. Naitaja kwa sababu moja tu: waliokuwa wakiishi kwa reli hiyo hawakuulizwa neno ilipojengwa, na ilipoondolewa hawakuulizwa pia.

Kisha ikaja Oktoba 1996. Uvira ilianguka mikononi mwa waasi tarehe 24 ya mwezi huo, miongoni mwa miji ya kwanza kabisa katika vita vilivyoishia kumwondoa rais Mobutu, na kiwanda, ambacho hata kabla ya hapo kilikwisha onja taksiri za utawala ule, kikazimika. Yaliyofuata yanajulikana na kila mtu wa uwandani: mashamba ya miwa yakageuka ya mahindi na mihogo, kwa kuwa tumbo halingoji mwekezaji, wafanyakazi wakabaki wakidai mishahara yao ya nyuma, na kila baada ya miaka michache akatokea mkubwa wa kutangaza kwamba kiwanda kitafufuliwa hivi karibuni. Nimechoka na neno hilo kufufuliwa, kwa maana humfanya mwenye haki akae kama mfiwa anayesubiri muujiza, badala ya kukaa kama mwenye mali anayesubiri hesabu.

Nataka kusema jambo moja, nalo ni hili: mintarafu ya mapatano yoyote yatakayotiwa sahihi juu ya Kiliba, deni la wafanyakazi ligeuzwe hisa, na wenye hisa hizo wapewe kiti katika baraza linaloamua.

Ili msomaji asidhani kwamba nimeota, nitamchukua mbali kidogo. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakaja mpaka kwenye mlango wa Ruzizi, karibu na Kiliba hii hii, kuhakikisha kama mto huo unatoka ziwani au unaingia. Wakaona kwa macho yao kwamba unaingia. Huyo Stanley, ambaye watu wengi walimhesabu kuwa Mmarekani, alizaliwa Denbigh katika nchi ya Wales mwaka 1841. Alikozaliwa ni upande wa kaskazini. Kusini ya nchi hiyo hiyo yamo mabonde membamba yenye vijiji vilivyopangwa mistari mistari chini ya milima, na kila kijiji kilizaliwa na shimo la makaa ya mawe kama Kiliba ilivyozaliwa na kinu. Mwaka 1913 mabonde hayo yalitoa kiasi cha tani milioni 57 za makaa, zikashuka kwa reli hadi bandari za Cardiff na Barry, na kufikia 1920 wachimbaji walikuwa zaidi ya 270,000. Leo karibu hawapo tena. Wachimbaji waligoma tangu Machi 1984 hadi Machi 1985 kupinga kufungwa kwa mashimo, wakashindwa; na shimo la Maerdy, la mwisho katika bonde la Rhondda, likafungwa Desemba 1990. Kijiji kikabaki na nyumba zake, jina lake, na vijana waliokuwa hawana cha kufanya kutwa kucha. Lau mtu wa Kiliba angeshushwa pale siku hiyo, nadhani asingehitaji mkalimani.

Walakini upande wa pili wa mlima kutoka Maerdy, karibu na Hirwaun, palikuwa na shimo liitwalo Tower. Serikali ililifunga mwaka 1994 ikisema halina faida. Wanaume 239 wakachukua fedha walizolipwa kwa kuachishwa kazi, kila mmoja akatoa pauni 8,000, wakalinunua shimo lao wenyewe, wakalifungua Januari 1995, na wakalichimba kwa miaka kumi na mitatu hata Januari 2008, ambapo makaa yaliyoweza kuchimbwa yalikuwa yamekwisha. Watu hao hawakuwa matajiri, ila walikuwa na mazoea ya tangu enzi za babu zao ya kukatwa senti katika mshahara kwa ajili ya maktaba ya kijiji na daktari wa kijiji. Katika mji wa Tredegar chama cha matibabu cha namna hiyo ndicho kilichompa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimbaji, mfano alioutumia alipokuwa waziri na kuanzisha huduma ya afya ya taifa zima la Uingereza mwaka 1948. Sisi nasi tunazo likelemba zetu za kuchangishana fedha, na mama anayeuza sukari kwa kikombe anajua kuweka akiba ya kikundi kuliko maofisa wengi, kwa hiyo mazoea tunayo.

Hapo mpinzani wangu ataniambia, na ana haki ya kuniambia, kwamba watu wa Tower walikuwa na pauni 8,000 mkononi, ilhali mtu wa Kiliba hana kitu. Namjibu kwamba mtu wa Kiliba anacho kitu, nacho ni deni analowadai wenye kiwanda, wawe serikali au watu binafsi. Nchi yetu imo katika mkataba wa sheria za biashara wa OHADA, uliopata nguvu hapa tarehe 12 Septemba 2012, na sheria hiyo inaruhusu mtaji wa kampuni kuongezwa kwa kugeuza madeni kuwa hisa, kwa sharti kwamba deni liwe la yakini, kiasi chake kijulikane, na wakati wake wa kulipwa uwe umefika. Halikadhalika inatambua vyama vya ushirika, kiasi kwamba wazee hao, pamoja na wajane na warithi wa waliokufa, wanaweza kushika hisa zao kwa umoja badala ya kila mtu kushika karatasi yake peke yake, ambayo njaa ya wiki moja ingemfanya aiuze.

Je, wale wanaolima mahindi na mihogo katika mashamba ya miwa? Kuwafukuza kwa bunduki itakuwa dhuluma, na juu ya dhuluma itakuwa upumbavu, kwa kuwa kiwanda kitahitaji miwa na wao ndio wakulima waliopo. Kule Kilombero, Tanzania, kiwanda kilibinafsishwa mwaka 1998, serikali ikabaki na robo ya hisa, na wakulima wadogo wa vijiji vya kandokando wakawa wauzaji wakubwa wa miwa kinuni. Sisemi kwamba huko hakuna manung'uniko. Wakulima hulalamikia mizani na kipimo cha utamu, na mizani isiyo na shahidi wa mkulima haifai kuaminiwa popote.

Tena pana mfano wa kutuogofya. Kampuni ya Mumias, magharibi mwa Kenya, ilikuwa fahari ya sukari ya Afrika Mashariki. Iliingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, wananchi wa kawaida wakanunua hisa wakifurahi, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu wa benki, huku wakulima hawajalipwa miwa yao na vyeti vya hisa havifai hata kwa kufungia karanga. Ndiyo maana nimesema hisa pamoja na kiti. Mwenye hisa asiyeketi mahali mahesabu yanaposomwa huwa amepewa heshima tu, na heshima haichemshi chungu.

Wengine watasema huu si wakati wake. Desemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Uvira yenyewe. Kabla ya hapo, Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba na kuua watu kwa makumi. Na ziwa nalo, tangu miaka hiyo, limepanda mara kwa mara likaingia mitaani na kugusa hata gati ya Kalundu. Ni kweli kwamba hakuna mwenye akili atakayeleta boila mpya katika hali hiyo. Lakini nisemalo halihitaji boila. Linahitaji daftari, na vita na mafuriko ndiyo hasa sababu ya kuharakisha, maana kadi ya kazi iliyofichwa chini ya godoro huliwa na maji, na shahidi aliyekimbilia Burundi huenda asirudi.

Basi kazi hii yaweza kuanza bila ruhusa ya mtu wa Kinshasa. Parokia, misikiti na machifu wa uwanda wanawajua waliofanya kazi kiwandani, nani alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa nani, na nani alimrithi nani; mkaguzi wa kazi aitwe kushuhudia, ili siku ya hesabu asije mtu akasema majina yalitungwa. Kila jina liandikwe na idara yake, mwaka wa kuingia, mshahara wa mwisho, na majina ya watu wawili waliofanya naye zamu moja. Nakala moja ibaki Kiliba, moja Uvira, na moja ivushwe ziwa mpaka Kigoma. Waanze na wapishi wa sukari, kwa kuwa wamebaki wachache, na kando ya jina la kila mmoja iandikwe pia namna alivyoutambua uzi wake.