Aliyechanjwa Asiachwe Njiani

NYAYO ZA KWIHARA
Na Zuhura Kasubi

Mjukuu wa jirani yangu alichomwa chanjo ya wiki ya 10. Usiku ule paja likavimba, likawa la moto. Alfajiri bibi yake akanigongea, kadi ya kliniki mkononi. "Mwanangu, hebu nisomee. Wameandika niende wapi?"

Niliisoma kadi mbele na nyuma. Uzito ulikuwapo, tarehe ya chanjo iliyopita na ya ijayo zilikuwapo. Pa kukimbilia mtoto akizidiwa hapakuandikwa. Tukarudi kulekule kituoni. Muuguzi akalibonyeza paja, akasema, "Ni kawaida, mpe panadol," akaita mwingine. Alisema kweli, maana siku ya tatu uvimbe ulikwisha. Lakini hakuandika chochote, wala hakumweleza bibi ni dalili zipi zikitokea asisubiri.

Mimi ni mtetezi wa chanjo, na anayeishi Tabora ana sababu ya kuitetea. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na ndui ikasafiri nayo. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika habari za wapagazi waliokuwa wakijikokota na ndui hadi wakaanguka. Hakuna kijiji kilichowapokea, hakuna mwenzao aliyerudi kuwachukua. Mzigo ulipata bega jingine, msafara ukaendelea. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na kilichoitokomeza ni chanjo.

Sasa tusiwe msafara ule kwa yule mmoja anayedhurika na chanjo yenyewe. Ni wachache. Mzio mkali wa ghafla hutokea kwa takriban dozi moja kati ya milioni. Ndiyo maana tunaambiwa tukae kwenye benchi dakika 15 hadi 30 baada ya sindano: mtu akibanwa pumzi, adrenalini iwe karibu. Ukiondoka mapema, umeiacha dawa kituoni.

Wakati mwingine chanjo ni nzima, mkono ndio wenye kosa. Mei 2017, huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumika siku nne mfululizo, chanjo ikakaa siku hizo zote bila ubaridi, na wachanjaji hawakuwa na mafunzo. Chanjo ya surua ikishachanganywa, haitakiwi kutumika zaidi ya muda wa saa sita. Ukweli huo haukuiua chanjo ya surua. Ulimwondolea mzazi shaka juu ya dawa, ukaiweka lawama mahali pake.

Hiyo ndiyo faida ya kufuatilia. Homa baada ya sindano yaweza kuletwa na chanjo, na ubovu wa dawa, na kosa la mchanjaji, na hofu ya kuchomwa, au ikawa malaria iliyokuwa tayari mwilini. Asiyechunguza atazitupa zote kapu moja, na sokoni kapu hilo litaitwa "chanjo".

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za maudhi ya dawa na chanjo, na ofisi yake ya Kanda ya Magharibi iko hapahapa Tabora. Lakini taarifa huanzia kwa muuguzi mwenye foleni ya akina mama arobaini. Akipuuza, ngazi za juu hazina cha kuchunguza. Na inapopanda, jibu lishuke hadi kwa mama aliyelalamika, hata likiwa "haikuwa chanjo". Akinyimwa jibu, atajitungia lake.

Na anayethibitika kuumia vibaya asiuze mbuzi ili atibiwe. Chanjo za Uviko-19 zilipogawiwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawa, uliwekwa mpango wa fidia kwa nchi 92 bila mtu kulazimika kwenda mahakamani. Mtoto anayepata chanjo za kawaida za kliniki naye anastahili mkono kama huo.

Wiki ya 14 imekaribia. Bibi ameshasema atampeleka mjukuu. Ila safari hii amechukua kalamu yangu, na amesema muuguzi ndiye atakayeandika namba yake ya simu nyuma ya kadi, kabla ya sindano.