Baba Mkwe na Mlango wa Choo

Mwezi huu tunaongelea kitu ambacho wanaume wengi huwaficha hata wake zao: tezi dume. Usifunue ukurasa eti kwa kuwa una miaka thelathini. Wewe na mwenzio mmehamia zenu Fumba, fleti mpya, bahari mnaiona dirishani. Baba mkwe anakuja kukaa wiki mbili. Usiku mnasikia mlango wa choo: saa sita, saa nane, saa tisa na nusu. Asubuhi unamuuliza, "Shikamoo baba, umelalaje?" Anajibu vizuri tu, lakini chai haigusi. Anaogopa mkojo!

Tezi hii iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina kama gramu 20. Kwa mzee inaweza kupita 100, ndipo mrija unapobanwa. Si saratani, wala si busha, ingawa huku kwetu pwani watu huchanganya. Wengi hupata nafuu kwa vidonge. Kisu huja vidonge vikishindwa, mkojo ukiziba, au figo zikianza kuumia.

Upasuaji uliozoeleka unaitwa TURP. Daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye njia ya mkojo, akaikwangua tezi vipande vipande kwa waya wa umeme. Mara nyingi ni ganzi ya mgongo, hakuna mshono, na mpira wa mkojo hukaa siku mbili tatu. Tezi ikizidi gramu 80 hivi, wengi hupasuliwa chini ya kitovu. Damu hupotea zaidi, hivyo ndugu jiandaeni kuchangia. Leza nayo humenya hata tezi kubwa kwa damu kidogo, ila mashine zake ni ghali na hazipo kila hospitali.

Sasa lile swali ambalo mzee hathubutu kuuliza. Nguvu za kiume? Wengi waliokuwa nazo kabla hubaki nazo. Kinachobadilika ni manii: baada ya TURP, kwa zaidi ya nusu ya wanaume, hurudi nyuma kibofuni badala ya kutoka. Raha ipo, lakini kavu. Kwa babu mwenye wajukuu kumi si neno. Kwa bwana wa miaka 55 mwenye bi mdogo anayesubiri mtoto, ni neno kubwa sana, na jamani, hilo husemwa kabla ya kutia saini, tena mke akiwepo! Zipo njia za kulinda manii, ingawa hazimfai kila mtu.

Anzieni Mnazi Mmoja. Mkipewa rufaa ya Muhimbili, msikimbilie boti ya kurudi mapema, maana damu inaweza kuanza tena hata wiki ya pili. Mwambieni daktari kama mzee anatumia aspirini. Ndoo za maji na kuvuta ngalawa aviache kama wiki sita. Na kwa kuwa ganda la nje la tezi hubaki, aulize daktari kuhusu kuendelea kupimwa saratani.

Akishindwa kabisa kukojoa usiku, tumbo limejaa, msingoje asubuhi wala dawa ya majani. Muwe na namba ya jirani mwenye gari.