Soda Katika Friza: Hatari Iliyojificha Jikoni

Kwa familia nyingi za Kilangali, wilayani Kilosa, friza si pambo la nyumba, ni duka. Mama hugandisha barafu za ukwaju na ubuyu, watoto huzinunua watokapo shule na madrasa, na wavunao mpunga huzikimbilia jua linapokuwa la utosi. Si ajabu, basi, kwamba wako watamanio kugandisha soda pia, wapate barafu yenye kuwasha ulimi.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo kwa chupa iliyofungwa. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Aidha, barafu haiipokei gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo katika soda. Kadiri soda inavyoganda, gesi husukumwa nje na kubanana katika nafasi ndogo iliyobaki. Chupa ya kioo huelemewa ikapasuka, pengine mbele ya uso wa mtoto aliyefungua friza. Kigae kimoja chatosha kumpofua.

Je, gesi haiwezi kufungiwa ndani ya barafu? Yawezekana, lakini si nyumbani. Wataalamu huiita barafu hiyo haidreti ya gesi: maji hujipanga mfano wa vizimba vidogo, na kila kizimba huifungia gesi ndani yake. Katika nyuzi 0, vizimba hivyo huhitaji mgandamizo upatao mara 12 ya ule wa hewa ituzungukayo. Hiyo ni kazi ya mitambo ya chuma, wala si ya chupa na vifuniko vya jikoni.

Iko njia salama. Gandisha maji ya ukwaju katika vifuko, yapondeponde, yatie bilaurini, kisha mimina juu yake soda iliyopozwa katika friji. Baridi utaipata, na mapovu pia.

Na ukikuta chupa imeganda, usiitikise wala usiifungue. Waondoe watoto, zima friza, funga mlango, uiache iyeyuke taratibu. Ikiwa imepata ufa, itupe pamoja na kilichomo, usithubutu kuichuja. Huenda barafu za biashara zikayeyuka nayo. Hasara hiyo hufidiwa kesho. Jicho la mtoto halina fidia.