Mtoto Akilalamika Miguu, Chukua Daftari

Mtoto wako anaamka usiku, analia: "Mama, miguu inauma." Hakuanguka. Hakupigwa. Asubuhi anacheza. Wiki mbili zikipita analia tena, mara hii mikono. Jirani mmoja atasema anakua tu. Wa pili atasema anakwepa shule. Wa tatu atamtaja shangazi fulani kwa sauti ya chini. Mimi nasema apelekwe akapimwe, nawe uende umejiandaa.

Maumivu ya namna hiyo yana sababu nyingi. Lakini moja lisisahauliwe huku kwetu, Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju: ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Zikikwama katika mishipa midogo, damu haipiti vizuri, na mtoto huumia sana. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kwa hiyo baba anayemlaumu mkewe ajue kuwa naye yumo. Afuatane naye hospitali.

Daktari atauliza: maumivu yalianza lini? Hukaa siku ngapi? Wengi hujibu, "Siku nyingi." Jibu hilo halimsaidii. Wewe sasa unajua kuandika. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, mahali panapouma, kama palivimba, kama kulikuwa na homa, na dawa uliyompa. Kwa mfano: "Machi 4, goti la kulia, siku mbili, panadoli." Mstari huo mmoja unashinda maelezo ya nusu saa. Herufi zikipinda si kitu. Dawa za miti shamba nazo ziandike, usizifiche kwa aibu. Kama mtoto aliongezewa damu, andika ilikuwa lini, maana damu ya mtu mwingine iliyoingia karibuni inaweza kupotosha majibu ya kipimo cha selimundu.

Usimnyime maji wala chakula kwa kudhani kila kipimo hutaka njaa. Uliza kwanza. Mwenye selimundu akikosa maji anaweza kuanza kuumwa. Tena usimdanganye mtoto kwamba hatachomwa sindano. Mwambie itauma kidogo, nawe utakuwa umemshika.

Anzia zahanati ya karibu, ukiwa na kadi ya kliniki. Ikibidi, watakuandikia rufaa kwenda Temeke au Mwananyamala, au mbele zaidi, Muhimbili. Uliza jina la kipimo na siku ya majibu, uviandike. Wakikuambia hakuna kitu na maumivu yakarudi, rudi nawe, na daftari lako mkononi.

Lakini daftari lisikucheleweshe. Mtoto akiwa na homa kali, akipumua kwa shida, akipauka, akishindwa kusimama, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usiandike chochote. Mbebe uende saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.