Makaratasi ni bei kali, lakini ziwa la usiku ni bei kupita



Kwa miaka mingi, kahawa ya Idjwi, Minova na Kalehe ilikuwa inavuka ziwa Kivu usiku, mu mitumbwi, ikaenda kuuzwa Rwanda. Watu walipiga kasia mu giza ili duane isiwaone. Upepo ukiamka, mtumbwi unapinduka. Wengi hawakurudi, na wajane wao wako Idjwi mpaka leo, wamoja wanalima kahawa mu koperative.

Wale baba hawakuwa wezi. Walikimbia bei mbaya ya nyumbani na malipo isiyoisha ku bandari. Hata leo tunasikia: "Makaratasi inakula faida yote, afazali magendo." Mimi nakataa. Mwenye magendo hana nguvu ya kujadili bei. Mnunuzi anajua kama huwezi kurudisha mzigo, basi anakupa anachotaka. Gunia likizama, hakuna mahali pa kulalamika.

Lakini kuambia mkulima "fuata sheria" haitoshi. Dekreti 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inaruhusu huduma nne tu ku mpaka: duane (leo DGDA), OCC, DGM na Hygiène. Ukikuta meza ya tano inadai pesa ya mzigo, uliza inakamata kwa sheria gani. Mtu mmoja akiuliza, anasukumwa. Koperative ikiuliza, risiti mkononi, inasikilizwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, tukusanye mizigo, tufanye deklarasyo moja kwa jina la koperative. Gharama ya karatasi ikigawanywa kwa watu 40, haiumizi kama ya mtu mmoja. SOPACDI, iliyoanzishwa 2003 upande wa Minova, imeonyesha kama kahawa ya wakulima wadogo inaweza kuuzwa inje kwa njia halali. Pili, tuvuke mchana, ku bandari inayojulikana, na boti isipakie kupita kipimo. Tatu, tuweke kaye moja ya kuandika kila malipo: tarehe, huduma, pesa, nambari ya risiti.

Na wakubwa nao wabandike tarife ku kila bandari, kwa Kiswahili, mahali mama mwenye maharagwe anaweza kuisoma. COMESA ina utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo, lakini asiyeujua haumsaidii kitu.

Ku mkutano ujao, kila koperative ilete kaye yake. Tukizilinganisha, tutajua nani anatukamata zaidi, na tutaenda kumuuliza pamoja.